Kitambaa cha Buluu Darini

Chumba cha fundi cherehani kilikuwa safi kama cha mtu anayetarajia mgeni. Sakafu iling'aa, mabaki ya vitambaa yalikaa kapuni, na nyuma ya mlango palibandikwa karatasi ya masharti kumi na mawili. Aliyeyaandika ni mwenye nyumba, mwalimu mstaafu wa hesabu ambaye wapangaji walimwita Mzee Kanuni akiwa mbali, na Mzee tu akiwa karibu. Sharti la tisa lilikataza kutoboa dari. Fundi alikuwa amelivunja.

Si kwa ujeuri, jamani. Gauni la harusi ni refu, na likiburura chini linachafuka kabla halijavaliwa. Siku ya tatu baada ya kuhamia, alipanda juu ya meza, akakaza ndoano ya chuma darini na kutundika kazi zake. Tangu hapo amani ilimtoka. Kila aliposikia fimbo ya mzee ikigonga ukumbini, aliisimamisha cherehani na kutega sikio. Mwenye nyumba wake wa kwanza alikuwa amemtimua kwa kosa dogo kuliko hilo, vyombo vyake vikashinda nje siku mbili huku wapita njia wakivitazama. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Asubuhi moja aliona doa la kahawia kando ya ndoano, dogo kama kifungo cha koti. Aliligusa. Lilikuwa na maji.

"Nimetoboa bomba," alinong'ona. "Leo nimekwisha."

Hakuna aliyemwambia kwamba ametoboa bomba. Woga ndio uliomwambia, naye akauamini. Alichukua kitambaa kipya cha pamba, cha buluu iliyokoza, akakipigilia darini kwa mikunjo ya kupendeza hadi doa na ndoano vikafichika. Fundi mzima, anayewahimiza wateja waloweke kitambaa kipya kabla hakijashonwa, hakukilowesha hata kidogo. Haraka ya mwenye hofu haina akili.

Jirani yake, Mama Pacha, alichungulia mlangoni akapiga kigelegele. "Weee, shoga! Umehamia ikulu bila kutuaga?"

Fundi alicheka, akaurudisha mlango. Alikuwa amefunika kombe mwanaharamu apite.

Wiki hiyohiyo alikuja bibi harusi mtarajiwa, amekumbatia gauni jeupe lililokunjwa ndani ya shuka. Lilikuwa la marehemu mama yake.

"Dada, lipunguze kiunoni tu," alisema. "Mikono usiiguse. Hizi shanga mama alizishona mwenyewe. Sina kitu kingine chake."

Fundi alilipokea kwa mikono miwili. Aliivika sanamu ya kupimia nguo gauni hilo, akaisogeza hadi pembeni kabisa, mbali na lile doa.

Kesho yake mlango ukagongwa. "Hodi humu!"

"Karibu, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Mzee Kanuni aliingia na fundi bomba. "Bomba linaloshuka kutoka kwenye tangi limechoka. Tunatafuta maji yanavujia wapi kabla sijafungua dari la nyumba nzima. Kwako kuna unyevu?"

Fundi aliwaza haraka. Akisema ndiyo, kitambaa kitashushwa. Kikishushwa, ndoano itaonekana. Ndoano ikionekana, vyombo nje.

"Hakuna, Mzee. Kwangu ni kukavu kabisa."

Fundi bomba aliinua macho. "Na hapa juu?"

"Pambo tu hilo, kaka."

"Una uhakika?" mzee aliuliza tena, taratibu. "Kitu chako kikiharibiwa na maji yangu, ni juu yangu. Lakini sharti niambiwe."

Maneno hayo aliyasikia vizuri. Ila mwenye hofu husikia nusu ya sentensi, ile ya kutisha. "Nina uhakika, Mzee." Wakaenda zao chumba cha pili. Msaada ulikuja kwa miguu yake mpaka mlangoni, naye akaurudisha!

Siku tatu zilizofuata hazikuwa siku, zilikuwa adhabu. Kitambaa kilianza kulegea katikati na kuwa kizito. Alishona huku masikio yakiwa juu. Alikula akitazama dari. Mara mbili alitoka kwenda kwa mzee akaseme ukweli, na mara mbili aligeuka njiani akarudi.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, alikuwa dukani akichagua zipu. Aliporudi, Mama Pacha alikuwa amesimama ukumbini, amejishika kichwa.

Dari lilikuwa limeanguka lote, ukuta hadi ukuta. Cherehani ilizama kwenye tope la chokaa. Sanamu ililala chali, na juu yake kitambaa cha buluu, kimelowa chapachapa. Fundi alikivuta. Gauni jeupe lilikuwa limenywa rangi yote, kifuani, mikononi, na katikati ya shanga.

Mzee Kanuni alifika na fundi bomba, ambaye alipanda ngazi, akatazama, akashuka. "Ndoano yako imeshika mbao, dada. Bomba lilipasuka hatua mbili kutoka hapo. Wala hukuligusa."

Fundi aliketi sakafuni, majini. Kumbe aliogopa kosa ambalo hakulitenda!

"Kwa ndoano ningekukaripia tu, basi," Mzee Kanuni alisema, na sauti yake haikuwa na hasira. "Dari ni langu. Cherehani nitakununulia nyingine, maana maji ni yangu. Lakini maji hukauka, mwanangu. Hii buluu sikuileta mimi."

Bibi harusi alifika kujaribu gauni lake. Alisimama mlangoni, akaona, kisha akapiga magoti na kushika mkono mmoja wa gauni kama ashikaye mkono wa mtu.

"Dada," alisema, machozi yakimdondoka, "kwa nini hukusema?"

Fundi alipiga magoti kando yake, akaanza kuzifuta shanga moja moja kwa upindo wa kanga yake. Mficha maradhi, kifo humuumbua.