Walezi wa Kisiwa

Nawapa hadithi! Semeni: tupe, tumekaa. Haya.

Kaskazini kabisa mwa pwani palikuwa na kisiwa kidogo cha mawe matupu. Membe, wale ndege weupe wa bahari, waliishi hapo mwaka mzima, na kila msimu wa kutaga walikijaza hadi kelele zao zikafika mjini. Watu waliokota mayai, lakini kila kiota walikiachia yai moja.

Siku moja Somoe, mwanamke asiyejua kushiba, akavuka na kapu lake.

"Leo nayazoa yote," akasema. "Wakihama, afadhali. Tutalala."

Akazoa upande wa kusini. Membe wa kusini wakahama, mwamba ukashusha pumzi. Akazoa katikati. Membe wa katikati wakahama, mwamba ukajinyoosha. Akazoa kaskazini. Kimya! Mbele ya miguu yake likafumbuka jicho kubwa kama sinia.

"Nani kawafukuza walezi wangu?"

Kumbe hakikuwa kisiwa. Kilikuwa kichwa cha zimwi, na kelele zile ndizo zilizokuwa zikilibembeleza.

"Nikiamka huwa nina njaa," likasema. "Na mji naunusa."

"Babu, nakuomba, lala! Nitakuimbia mimi."

"Haya, imba."

Somoe akaimba. Akinyamaza kumeza mate, jicho lafumbuka. Akayarudisha mayai huku akiimba, lakini membe hawakumwamini. Aliimba mpaka msimu uliofuata, waliporudi. Akaenda zake mjini hana sauti, na hakuipata tena.

Basi nyinyi mnaonung'unika kwamba membe wanawanyima usingizi, laleni. Siku wakinyamaza, ndipo msilale.