Ua la Mlangoni kwa Thangam

"Hadithi!"

"Njoo!"

"Ije na nini?"

"Na utamu wa kukomba sufuria!"

Haya, na wewe unayechokonoa jiko, tulia. Hapo zamani za kale, kusini mwa India, paliishi bibi harusi aitwaye Thangam. Mama mkwe wake, Ponnammal, alimpenda, akampa kazi ya heshima: kuchora ua chini mlangoni kila alfajiri kwa unga wa mchele.

Thangam alijua kuchora, jamani! Lakini jua likipanda tu, sisimizi huja wakalila ua lote.

"Mmenichosha!" akasema. Akasaga jiwe jeupe, akachorea vumbi lake. Ua likang'aa kutwa nzima.

Sisimizi wakaja. "Bibi harusi, chakula cha leo kigumu."

"Si chakula, ni pambo. Nendeni zenu!"

Siku ya pili wakaja. "Bibi harusi, watoto wanalia."

"Nendeni zenu!"

Siku ya tatu wakaja. "Bibi harusi, sasa tutakula wapi?"

"Mtajua wenyewe!"

Wakajua wenyewe.

Ikafika Pongal, sikukuu ya mavuno. Siku hiyo chungu kipya hupikwa uani, mchele mpya, maziwa na sukari guru. Kikifurika, watu hushangilia, kwani mwaka utakuwa wa neema. Ndicho chungu cha kwanza cha Thangam, na ukoo mzima umekuja kumtazama. Maziwa yako motoni. Akafunua mtungi wa sukari guru. Lo! Mweusi tii, sisimizi watupu!

Thangam akaketi chini akalia. "Mama, nimeiaibisha nyumba yako."

Ponnammal akaenda mlangoni, akagusa ua, akaonja kidole. "Mwanangu, hili jiwe. Wale sisimizi ndio wageni wetu wa kwanza kila siku, na unga ule ni wao. Ua langu mimi halikupata kufika adhuhuri, nami nilifurahi."

Thangam akakimbia na unga wa mchele, akachora huku machozi yakimtoka. "Wenzangu, nisameheni. Karibuni mle."

Sisimizi mmoja akatoka, akaonja, akawaita wenzake. Wakatoka wote mtungini, msururu mpaka mlangoni. Sukari ikaingia chunguni, maziwa yakapanda, yakapanda, yakafurika!

"Pongalo Pongal!" ukoo wote ukashangilia, na Ponnammal akamkumbatia mkwewe.

Basi wanangu, ukipamba mlango wako, upambe kwa kinacholika.

Hadithi yangu ndiyo hiyo. Ikiwa tamu, kombeni wote. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe.