Friji ya Bibi Adina Haifunguliwi

Jumamosi adhuhuri, Bwana Mwakio, mwenye nyumba, aliingia jikoni kwa Bibi Adina bila hata hodi.

“Sinki mbili! Majiko mawili!” akafoka. “Bibi wee, unaendesha hoteli ndani ya nyumba yangu. Leo hii unahama!”

“Bwana Mwakio, sisi ni Wayahudi. Nyama ina jiko lake, na maziwa yana lake. Hoteli itoke wapi? Kagua popote.” Kisha akaenda kusimama karibu na friji. “Ila humu, tafadhali, usifungue.”

“Ahaa! Kumbe ndimo ulimoficha!”

Akampita, akaufungua mlango wote. Taa ikawaka. Mlikuwa na samaki wa kukaanga, mayai ya kuchemsha na saladi ya kabichi, basi.

Wajukuu sita, walionuna tangu asubuhi, waliingia mbio wakishangilia, wakapeleka vyote mezani.

“Mbona mnashangilia?” akauliza Bwana Mwakio.

“Leo Sabato, haturuhusiwi kuwasha taa,” akajibu Bibi Adina. “ Kila Ijumaa huitoa balbu ya friji, na jana nilisahau. Ningefungua, ingewaka. Hata kukuomba unifungulie siruhusiwi. Lakini ukifungua kwa ukaguzi wako mwenyewe, sisi tunakula tu. Karibu samaki.”

Bwana Mwakio alikaa, akala vipande vitatu, habari za kuhama akazisahau. Bibi Adina alijipepea kwa sahani, jasho likimtiririka, akatazama dari.

“Bwana Mwakio,” akasema kwa upole, “ile swichi ya feni, nakusihi, usiiguse.”