Maji Kwenye Petroli

Mtu mmoja alikuwa na pikapu kuukuu, na mdogo wake wa kuiendesha. Mtu huyo aliitwa Ambilikile, mdogo wake Asajile, na mama yao alikuwa bado hai. Waliishi kwenye milima ya Rungwe, ambako mvua haingoji kualikwa, na kazi ya pikapu ilikuwa kushusha ndizi sokoni na kurudi na watu pamoja na mizigo yao.

Asajile aliitunza pikapu ile kama mtu anavyomtunza ng'ombe mzee aliyewalisha nyumbani. Hakumpita bibi mwenye mzigo kichwani. Mwanamke akishikwa na uchungu, waliitwa yeye na pikapu yake, na Jumapili alimkalisha mama mbele, akamfungia mlango taratibu, akampeleka kanisani. Basi watu wakaacha kusema pikapu ya Ambilikile, wakasema gari la Asajile. Ambilikile alilisikia jina hilo, akacheka pamoja nao. Lakini lilimkaa rohoni.

Siku moja kifuniko cha tangi la mafuta kilidondoka njiani, kisionekane tena. Asajile akamwambia kaka yake, "Kaka, tangi liko wazi. Tutafute kifuniko kabla mvua haijatuharibia."

"Gari linakwenda kwa injini," Ambilikile akajibu, "haliendi kwa kifuniko."

Akachana mkono wa shati lake la zamani la kijani, akausokota, akaziba mdomo wa tangi. Baada ya muda kitambaa kile hakikuwepo. Akadhani upepo umekichukua, akachana mkono wa pili, akaziba tena, akaendelea na mambo yake. Asajile alikumbusha habari ya kifuniko mara nyingine, kisha akanyamaza, maana kaka yake hakupenda kuambiwa jambo lile lile mara mbili.

Ndipo pikapu ilipoanza kusumbua. Asubuhi ilikataa kuwaka. Asajile alipiga stata mpaka betri ikalegea, na majirani wakaja kusukuma. Ikishawaka ilitetemeka na kukohoa. Ikifika mlimani na mzigo ilikosa nguvu, ikarukaruka, ikazima. Wakingoja kidogo inawaka tena kana kwamba haikuwa na lolote, kisha mlima unaofuata inazima upya. Ndizi zikaanza kufika sokoni wanunuzi wamekwisha ondoka.

Ambilikile akaipeleka kwa fundi mjini. Fundi akafungua kabureta, akamimina yaliyokuwemo kwenye chupa nyeupe, akaiinua juu. Petroli ilikaa juu, na chini yake kulikuwa na maji.

"Mafuta haya yana maji," fundi akasema. "Nani anayeyajaza?"

Fundi aliuliza tu, kama mafundi wanavyouliza. Lakini Ambilikile hakusikia swali, alisikia hukumu. Nani asiyejua habari za madereva wanaonyonya petroli ya tajiri wao na kujazia maji? Na tuseme kweli, maana tumekuja hapa kusema kweli: moyo wake uliruka kwa furaha. Kwa muda mrefu alikuwa akitafuta sababu ya kutompenda mtu ambaye kila mtu alimpenda, na sasa alikuwa ameishika mkononi, ndani ya chupa.

Hakumwita Asajile pembeni. Alimfuata sokoni, mchana, mbele ya wauza ndizi na wanunuzi wao, akainyanyua chupa ili waione wote. Watu wakaacha kupanga bei. Alimwita mwizi kwa sauti, akauliza ni kwa muda gani amekuwa akimnyonya damu.

Asajile aliitazama chupa, kisha akamtazama kaka yake. Alisema, "Kaka, sijawahi." Akaweka funguo juu ya boneti, akachukua koti lake kwenye kiti, akateremka njia ya kwenda bondeni, upande wa Kyela. Hakuna aliyemwita arudi. Hata wale aliowabebea wagonjwa wao waliinamia ndizi zao, kwa sababu maji waliyaona kwa macho yao.

Jumapili iliyofuata Ambilikile alikaa mwenyewe kwenye usukani, akamfungulia mama mlango. Mama alishika fimbo yake, akaenda kanisani kwa miguu. Ambilikile alimfuata polepole pembeni mwa barabara, akimsihi apande, na pikapu ikikohoa na kuzima, ikikohoa na kuzima. Mama hakugeuka. Tangu siku hiyo hakuipanda tena.

Na pikapu haikupona. Mwizi alikuwa ameondoka, lakini asubuhi ilikataa kuwaka vile vile, na mlimani ilizima pale pale. Hapo ndipo mtu mwenye akili angesimama akajiuliza. Ambilikile hakusimama. Alibadilisha plagi. Alibadilisha betri, koili, pampu ya mafuta, mwisho akabadilisha hata kabureta. Alinunua kila kitu ambacho kisingemwambia kwamba amekosa. Watu wakimuuliza gari lina nini, alijibu kwamba Asajile aliliharibu kiasi cha kutopona, na akalisema jambo hilo mara nyingi hata mwenyewe akaliamini.

Miaka ikapita hivyo, mwishowe tangi lenyewe likatoboka kwa kutu, likaanza kudondosha petroli barabarani. Mchomeleaji wa kijijini akalishusha, akakataa kuligusa kwa moto kabla halijamwagwa na kuoshwa. Wakaliinamisha kwenye karai, yeye na Ambilikile, kila mmoja upande wake. Yakatoka maji. Ikatoka kutu nyekundu kama udongo wa barabara. Kisha kitu kikakwama mdomoni mwa tangi. Mchomeleaji akaingiza waya, akakivuta, akakitupa majanini, akaendelea kutikisa.

Ambilikile akakiokota. Kilikuwa mkono wa shati la kijani, umeloa na kuchafuka, na kifungo chake bado kimeshonewa.

Alisimama nao mkononi. Aliukumbuka ule wa kwanza aliodhani umechukuliwa na upepo. Akatazama ule wa pili, uliokuwa bado umechomekwa kwenye bomba la kujazia lililobaki garini, akauchomoa, akauminya, maji yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Miaka ile yote mvua ilikuwa ikinyesha juu ya kitambaa chake, ikipenya ndani tone kwa tone, na kila tone alikuwa amemwandikia ndugu yake kama kosa. Akakaa chini palepale penye kutu.

Alikwenda sokoni kusema. Hilo alilifanya, na tusimnyime haki yake. Alisimama mahali pale pale, akauonyesha mkono wa shati, akaeleza. Lakini siku ya chupa soko lilikuwa limejaa na watu walikuwa kimya. Siku ya shati kulikuwa na manyunyu, watu wana haraka, na wengine walimsikiliza huku wakichagua ndizi. Mwanamke mmoja alitikisa kichwa akasema, "Lakini maji yalikuwepo." Na kweli, yalikuwepo.

Akatia kifuniko kipya kwenye tangi lililozibwa, akateremka Kyela kumtafuta mdogo wake. Alimkuta akipalilia mpunga wa watu, amekonda, nywele zimeanza mvi ambazo Ambilikile hakuwahi kuziona. Asajile aliosha mikono, akamwongoza kaka yake mpaka nyumbani kwake, akampokea kwa heshima zote, akamtandikia mkeka, akachinja kuku. Ambilikile hakungoja kuku aive. Aliutoa mkono wa shati, akauweka mbele yake, akalia. Akamsihi arudi nyumbani, akamsukumia funguo za pikapu juu ya mkeka.

Asajile akazirudisha funguo taratibu.

"Kaka, nilikusamehe zamani, na nyumba hii ni yako. Lakini funguo usinipe. Gari kuukuu haliachi kuzima, na kila litakapozima nitakuona unanitazama."

Ambilikile alitaka kuapa kwamba hatamtazama hivyo kamwe. Alifungua kinywa, akakifunga, kwa sababu alijijua. Walikula kuku. Asajile alimsindikiza mpaka kwenye gari, akapita nyuma, akakikaza kifuniko kipya kwa mazoea tu, akamwambia amsalimie mama.

Pikapu iliwaka mara moja. Ilipanda milima yote bila kukohoa, bila kurukaruka, injini ikivuma sawasawa kama zamani. Ambilikile alikuwa ameutamani mlio ule kwa miaka, na sasa alipoupata alilia njia nzima.

Mama alikuwa ndani akisikia gari likija kutoka mbali. Aliusikia ule mlio mzuri, akaitupa fimbo, akatoka mbio mbio kadiri miguu yake ilivyomruhusu, akiita, "Asajile! Asajile mwanangu!" Maana alijua mtu mmoja tu aliyeweza kuifanya pikapu ile iende hivyo. Ambilikile alizima injini, akabaki amekaa na usukani mikononi, hana ujasiri wa kufungua mlango.

Nanyi mnaonisikiliza, kila mmoja wenu amekwisha kuona maji kwenye petroli ya ndugu yake, na pengine yalikuwa maji kweli. Ni nani kati yenu aliyezunguka kwanza nyuma ya gari, akatazama mvua ilikuwa ikiingilia wapi?