Mavyaa Aliyepanda Okidi

Ngano inabisha hodi!
— Ifungulieni, tumekaa!
Masikio mnayo?
— Tunayo, na moyo pia!

Basi hapo kale, palikuwa na mjane aitwaye Mghoi. Alikaa bondeni, kwenye jua kali. Mwanawe akaoa binti wa juu mlimani, jina lake Mkawasi. Kwa kina Mkawasi kuna msitu, kuna ukungu, kuna ubaridi. Bondeni hakuna hata kimoja. Bibi arusi akakonda. Akipewa chakula anashukuru, lakini hali. Mngemwona, wenzangu, mngelia.

"Mwanangu, unaumwa?" mavyaa wake akamuuliza.

"Siumwi, mama. Nakumbuka okidi, maua ya kwetu. Mvua ikianza huchanua chini ya miti, nyeupe."

Mghoi alikuwa mkali wa maneno, ila siku hiyo moyo ulimchoma. Kulipokucha akapanda mlima, akang'oa okidi, akaja kuipanda uani juani, akaijaza samadi. Ikaungua.

Akapanda mlima tena. Akang'oa nyingine, akaitia kivulini. Asubuhi maji, mchana maji, jioni maji. Ikaoza.

Akapanda mara ya tatu, magoti yakimuuma. Safari hii hakwenda msituni. Alibisha kwa mama yake Mkawasi. Asiyejua huuliza, sivyo?
— Ndivyo!

"Mzazi mwenzangu, nifundishe. Mimi naziua tu."

Yule mama akamwongoza hadi chini ya miti. "Usiivute shingo. Ichimbue na udongo wake, huu mweusi wa majani yaliyooza, ndio unaoilisha. Iweke kivulini, uifunike majani makavu. Kiangazi itanyauka. Haijafa, imelala; usiisumbue kwa maji mengi. Na usifukue kuichungulia!"

Mghoi akaipanda nyuma ya jiko, chini ya mfenesi. Akazungushia miiba, akasema ni ya kuzuia kuku. Kiangazi kikaja. Majani yakanyauka, yakaanguka, pakabaki udongo mtupu. Mkono ukamwasha kufukua! Akaukunja ndani ya kanga, akaenda zake. Mvumilivu...
— Hula mbivu!

Siku moja akamkuta Mkawasi amefunga mzigo.

"Nisamehe, mama. Narudi kwetu."

"Sikuzuii, mwanangu. Nakuomba ungojee mvua tu."

Mkawasi akangoja, kwa heshima. Mvua ikanyesha. Chipukizi likatoka. Likarefuka. Likachanua. Mghoi akaondoa miiba, akamwita.

Mkawasi akapiga magoti, asiguse. "Nani kaipanda?"

"Mimi. Mbili nilishaziua."

Mkawasi akacheka, kisha akalia. "Kwa nini ulijisumbua hivyo, mama?"

Mghoi akatazama chini. "Nami niliolewa hapa kutoka mbali. Nililia mwaka mzima. Hakuna aliyeniuliza nakumbuka nini."

Mkawasi akafuta machozi, akasogea karibu.

"Mama, ulikuwa unakumbuka nini?"

Ngano yangu imekwisha. Iliyo tamu ondokeni nayo, iliyo chungu niachieni mimi.
— Tumeipokea!