Miguu Miwili ya Kijani

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeilalia Kinoo kama pamba, na mnara wa tangi la maji la Mama Nyawira ulionekana kuelea angani. Chini yake Ndanu, mwanakemia wa maabara moja mjini, alikoroga rangi aliyoibuni mwenyewe. Aliitengeneza kwa polima, aina ya plastiki inayopitisha umeme, akaichanganya na maji tu, bila madini ya risasi wala kemikali kali. Ilikuwa ya kijani kilichofifia, nyembamba kama ganda la kitunguu.

Fundi Thuo, aliyeuunda mnara huo, aliangua kicheko.

"Dada, hii ni rangi ama maji ya sukuma wiki?"

"Fundi, maji na hewa hukinyang'anya chuma umeme wake, ndipo kutu huingia," Ndanu alijibu kwa upole. "Rangi hii hukisaidia chuma kijivike ngozi yake chenyewe. Hata ikikwaruzwa, hukilinda."

"Mimi nitapaka yangu ya fedha mara tatu, nene, ing'ae mpaka mtaa wa Karen!" Thuo alijigamba.

Mama Nyawira, asiyependa ugomvi kwake, alimpa kila mmoja miguu miwili ya mnara.

Miaka minne ikapita kama usingizi wa mchana. Mvua zilinyesha, mbuzi wakajikuna kwenye miguu yote minne. Ya Thuo bado iling'aa kama fedha. Ya Ndanu ilichakaa, hata majirani wakamwonea huruma. Mashaka yalimtafuna moyo.

Alirudi siku moja na nyundo. Mama Nyawira alikuwa ameketi chini ya mnara akiambua njegere. Ndanu aligonga mguu wa kijani. Ukalia kama kengele ya kanisa. Akagonga wa fedha. Haukulia. Nyundo ilizama, na vumbi jekundu likamiminika taratibu, kimya, kama mchanga wa ndotoni.

"Mama, toka hapo! Toka sasa hivi!"

Walifungua mifereji yote kupunguza uzito wa tangi, maji yakatawanyika mahindini. Mnara uliguna, ukainama upande mmoja, kisha ukatulia, umeshikiliwa na miguu miwili ya kijani.

Thuo alipofika, alipapasa chuma kilichooza chini ya rangi yake, pale maji yalipopenya kwenye mikwaruzo ya mbuzi. Machozi yalimlengalenga.

"Nilimketisha mama wa watu chini ya kifo," alisema. "Dada, nifundishe."

Ndanu hakumcheka. Alimkabidhi brashi.

Kweli, usione wembamba wa reli, garimoshi hupita.