Magari Saba ya Pimbi

Ngano inabisha hodi.

— Ikaribie.

Imetoka mbali, haina viatu.

— Ikae, ipumzishe nyayo.

Haitawachekesha sana.

— Tulicheka jana.

Haya basi. Hapo kale, lakini si kale sana kwa kuwa magari yalikuwapo, Pimbi na mkewe Sikudhani waliishi ndani ya ufa wa jabali. Pimbi mnamjua: mnyama mdogo kama sungura aliyenyimwa masikio. Chini ya jabali kulikuwa na uwanja wa vumbi. Watu walileta magari yao pale, magari ya kawaida tu, wakang'oa viti, wakaandika namba milangoni, wakayazungusha mbio. Vuuu, vuuu, mpaka moja lishinde na mengine yagongane.

Sikudhani alipenda mbio hizo kuliko majani mabichi. Alikaa ukingoni mwa jabali akiyataja magari kwa namba, kama mtu anavyotaja watoto wa jirani.

Siku moja jiwe likaporomoka, guduguduu, likamvunja kiuno. Hakuweza tena kupanda. Alilala ndani ya ufa, na kila aliposikia vuuu aliuliza, "Nani yuko mbele?"

Pimbi alipanda mbio, akatazama, akashuka mbio, akamwambia. Lakini alipofika chini, aliyekuwa mbele hakuwa mbele tena.

Mwisho Sikudhani akaacha kuuliza. Kisha akaacha kula.

Pimbi akawaza: asiyeweza kwenda kwenye mbio, mbio zimfuate alipo.

Akachukua unyasi mmoja. Watu walipokwenda kula mchana, aliteremka uwanjani akayapima magari yao. Kila gari lilikuwa na urefu wa nyasi ishirini na nne. Pimbi akasema langu litakuwa na urefu wa unyasi mmoja, na kila kitu kingine kitapungua vivyo hivyo, taa, milango, hata mikwaruzo.

Akaokota makopo ya samaki, akayakunja kuwa bodi. Akakata ndala zilizotupwa, zikawa matairi. Akasuka waya mwembamba ndani, mfano wa vile vyuma vinavyomkinga dereva gari likipinduka. Akang'oa sharubu zake mwenyewe kufanya brashi. Akachora namba.

La kwanza lilikuwa sitini na moja. Mlango wa kushoto wa sitini na moja ulikuwa umebonyea, basi akaubonyeza kwa kijiwe, ko, ko, ko. Nyuma kulikuwa na moshi mweusi, akapaka masizi. Akamletea mkewe.

Sikudhani alilitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Umesahau waya uliofunga bampa."

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza baada ya siku tisa. Pimbi akafunga waya.

"Mbio ni magari saba," Sikudhani akasema. "Yakitimia saba nitakula."

Pimbi akashuka mtoni kutafuta udongo mwekundu wa kupaka gari la pili. Alilibeba lile la kwanza ili alinganishe rangi. Pale mtoni alikaa Kiboko, mnene, mwenye mdomo kama mlango wa ghala.

"Hicho ni nini?" Kiboko akauliza.

"Shikamoo, mzee. Ni gari la mke wangu."

"Kinachopita machoni pangu ni changu. Lete."

"Mzee, mke wangu ni mgonjwa."

"Mgonjwa hunywa maji. Maji yako wapi?"

Pimbi akayatazama maji. Yote yalikuwa nyuma ya Kiboko. Akatoa gari, akapewa kopo moja la maji.

Akatengeneza la pili. Kopo likaisha. Akashuka. "Kinachopita machoni pangu ni changu. Lete." Akatoa gari, akapewa maji. Akatengeneza la tatu. Maji yakaisha. Akashuka. "Kinachopita machoni pangu ni changu. Lete." La nne hivyo, la tano hivyo, la sita hivyo, la saba hivyo. Kiboko hakujua gari ni kitu gani. Alijua tu kwamba ni la mwingine, na hilo lilimtosha. Aliyatupa matopeni, chubwi, akayakalia.

Sikudhani alikunywa maji. Lakini hakula.

Maji ya gari la saba yalipoisha, Pimbi alishuka mikono mitupu.

"Shikamoo, mzee. Magari yako hayajambo?"

"Yapo."

"Yana ukubwa gani sasa?"

"Kama ulivyoyaleta."

Pimbi akatikisa kichwa polepole, kama mganga aliyeshika mkono wa mtu asiyepona. "Basi yanaendelea kusinyaa."

Kiboko akatoa kichwa chote majini. "Kusinyaa vipi?"

"Mzee, nenda ukachungulie uwanjani. Utaona sitini na moja, mlango wa kushoto umebonyea, bampa imefungwa waya. Kisha utazame sitini na moja yako. Gari lenye afya lina ukubwa kama wako. Lako limeingia maji."

Kiboko akaenda, akachungulia. Akarudi, akafukua gari matopeni. Mlango umebonyea, bampa ina waya. Akarudi kuchungulia tena. Midomo ikamning'inia.

"Dawa yake?"

"Jua. Yaanikwe juu ya jabali, na mwenyewe akae kando yake. Mwenyewe akiondoka hayakui."

Kiboko akayabeba yote saba mdomoni, akapanda jabali, puu, puu, puu, akayapanga, akakaa.

Jua likawaka. Pimbi akalipima gari mbele yake. "Unyasi mmoja," akasema. Kiboko alipogeuka, Pimbi akaukata ule unyasi kidogo kwa meno, katu. Mchana akapima tena. "Unyasi mmoja na nusu."

"Yanakua," Kiboko akasema, akafurahi. Ngozi yake ilianza kukauka.

Siku ya pili, katu. "Nyasi mbili." Ngozi ikapasuka, kwacha.

Siku ya tatu, katu. "Nyasi tatu na nusu." Ngozi ikapasuka mgongo mzima. Kiboko akaona giza.

"Pimbi, nitakufa."

"Kaa, mzee. Bado kidogo tu."

"Baki nayo. Yawe yako, na mto pia nawaachia, nahamia mabwawa ya mbali." Akateremka akibingirika, gudu, gudu, gudu, na tangu hapo hakuonekana mto ule.

Ndiyo, alimshinda. Siku tatu Pimbi alikuwa amesimama juu ya jabali, akipima. Hakuthubutu kuondoka, asije Kiboko akalitazama gari kwa macho yake mwenyewe. Chini yake, ndani ya ufa, Sikudhani alisikia sauti zao.

Pimbi akayakumbatia magari, akashuka. "Siku, yametimia saba."

Sikudhani hakuona vizuri tena. Akanyoosha mkono, akapapasa gari moja, akalileta karibu na jicho.

"Hili ni namba ngapi?"

Pimbi akatazama. Matope yalikuwa yamekula rangi yote. Namba hakuna, mistari hakuna, masizi hakuna.

"Ni sitini na moja," akasema.

"Silitambui." Akalirudisha taratibu, asilivunje. "Haya ni makopo, mume wangu."

"Nitayapaka tena. Nipe leo tu."

Akasaga mkaa. Akaponda udongo. Sharubu hazikubaki, akang'oa manyoya ya kifuani. Akaketi kando yake akipaka, na alipokuwa akipaka alimweleza: sasa naandika sita, sasa naandika moja. Sikudhani alisema "ehe." Akamaliza la kwanza. Akamaliza la pili, Sikudhani akasema "ehe." Akamaliza la tatu.

"Siku," akauliza, "la nne lilikuwa na mstari wa rangi gani?"

Akangoja na brashi mkononi mpaka rangi ikakauka kwenye brashi.

Majirani walikuja kuzika. Walikunywa mtoni kwanza, wakanywa wakashiba, maana hakukuwa na wa kuwazuia. Kisha wakamshika Pimbi mabega. "Umemshinda Kiboko," wakasema. "Mdogo kama wewe. Tutawasimulia wajukuu."

Pimbi akasema, "Kuna anayekumbuka rangi ya lile la nne?"

Hakuna aliyekumbuka.

Wengine husema ndiyo maana pimbi hulia kama mtoto. Ni uongo. Pimbi alilia hivyo tangu kuumbwa. Safari hii tu alikuwa na sababu.

Na fundisho lake ni hili: mdogo akitumia akili, hupata kila anachokitaka.

— Lakini hakukipata.

Mimi nimeambiwa nifundishe, sikuambiwa niangalie. Aliyesikia amesikia, aliyesinzia asiniamshe mimi. Pumzi yangu imeishia hapa.